Upande wa Nyuma wa Dinari

Mapendo mwanangu,

Umetoka sasa hivi kwenda kanisani kuagwa na kwaya, na umenikataza kuja kwa sababu unajua nitalia mbele ya watu. Umefanya vizuri. Nimebaki hapa mezani, na mbele yangu kuna ile dinari yako, sarafu ya kale yenye uso wa mke wa Kaisari, na nimeiharibu.

Nimeanza na hilo kwa sababu nikianza na salamu nitazunguka mpaka karatasi iishe. Nimeiharibu leo mchana kwa mikono yangu mwenyewe, huku nikidhani ninakufanyia jambo jema. Uso wake hauonekani tena. Ukiinamisha kwenye taa unaona kama kivuli cha shingo na kipande cha nywele, basi. Barua hii nitaiweka juu ya sanduku lako uisome kesho asubuhi kabla hatujaenda kwenye basi. Kukuambia kwa mdomo nimejaribu tangu uliporudi kutoka dukani, nikaishia kukuuliza kama umekula.

Sitakuandikia habari za koti na viatu vya theluji. Watu wa kanisa wamekushauri sana juu ya baridi ya Buffalo, huko unakokwenda kusoma, mpaka nadhani unaweza kuwafundisha wenyeji wa kule. Unga wa fufu na majani ya sombe utavipata Grant Street, na mabasi ya kutoka Amherst, kilipo chuo chako, utayajua kabla sijajua hata kutamka jina la mtaa wako. Wewe ndiye uliyekuwa ukinisomea barua za serikali ukiwa na meno ya maziwa. Sina cha kukufundisha juu ya kuishi Amerika. Nina jambo lingine, na nimelikalia miaka mingi.

Lakini kwanza nikueleze nilivyoiharibu, usije ukadhani ni hasira, kwa sababu tuligombana juu ya masomo yako na unaweza kudhani bado nina neno moyoni.

Kule kwetu milimani, nyumbani kwa mama yangu, mtu hakuondoka kwenda mbali bila kunywa maziwa. Na maziwa hayo hayakutiwa katika chombo chochote tu. Kibuyu kilisuguliwa kwa majivu na nyasi kavu, kikafukizwa moshi, na kopo la kunywea likasuguliwa mpaka likang'aa. Chombo kichafu kilikuwa aibu ya nyumba nzima, na msafiri aliyenyweshwa katika chombo kichafu aliweza kusema hakuagwa. Hiyo ilikuwa kazi ya mama. Wewe huna mama wa kukufanyia, na mimi asubuhi hii nimenunua galoni ya maziwa, nikaitazama pale juu ya kaunta na kifuniko chake cha bluu, nikasikia uchungu. Maziwa ya plastiki. Hakuna cha kusugua.

Hapo ndipo nikaona kile kipaketi chako cha karatasi mezani, pamoja na paspoti na barua za chuo. Nikaitoa dinari. Ilikuwa na weusi katika nywele, weusi chini ya pua, weusi kuzunguka herufi. Nikajisemea: mtoto wangu anakwenda na kitu chake cha thamani kikiwa na uchafu hivi, na baba yake yuko hai. Nikachukua majivu ya jiko la nyama pale nje, nikachukua limau, nikachukua na ule waya wa kusugulia sufuria. Nilisugua kwa moyo wote, Mapendo. Nilikuwa nikiimba. Nilipoisuuza iling'aa kama sarafu iliyotoka kiwandani leo, na ilikuwa tupu.

Ule weusi ndio uliokuwa uso. Uliwahi kunieleza hilo na sikusikiliza. Uliniambia fedha ya kale imelika sana, kwamba kinachotufanya tumwone yule mama ni rangi ya miaka iliyokaa katika mikunjo yake. Nikaitikia "eeh, eeh" nikiwaza zamu yangu ya bohari.

Na sasa niseme jambo lenyewe, maana naona ninaanza kuzunguka hata hivyo.

Unakumbuka harusi ya kule Columbus, Ohio. Ulikuwa bado mtoto wa magauni ya mikono mipana, umesukwa na shangazi yako Sifa mpaka macho yakavutika. Tulikuwa katika ukumbi wa hoteli, na harusi ya watu wetu unaijua, saa ya chakula ilikuwa imepita na bi harusi alikuwa bado hajafika. Ukapotea. Nikakutafuta katika korido zote nikiwa na kijasho, nikakukuta katika ukumbi wa pili, ambako wazee wa Kizungu walikuwa wamepanga meza zenye visanduku vya vioo, wanauziana sarafu za kale. Ulikuwa umesimama mbele ya bibi mmoja mwenye miwani iliyofungwa kamba shingoni. Alikuwa amekuwekea dinari katika kiganja, na wewe ulikuwa huhemi.

Ukanitafsiria, kwa Kiswahili chako cha nyumbani.

"Papa, anasema huyu alikuwa bibi ya Kaisari. Alikufaka, lakini bwana yake akaendelea kumutia ku feza. Myaka mingi. Anasema alikuwa anamupenda."

Nikasema, "Bon, rudisha kitu ya watu, twende."

Hukurudisha. Ukaniinulia kiganja na kuniuliza, "Maman yangu alikuwaka namna hii?"

Hujawahi kujua jinsi swali lile lilivyonipiga. Ulikuwa hujaniuliza kamwe. Nilikulea kwa namna ambayo mtoto hujifunza kutouliza: nilikuwa nikinyamaza, nikitoka nje, nikikumbuka gari linahitaji kutazamwa oili. Lakini pale hapakuwa na pa kutokea, na wewe ulikuwa na macho yale, na shangazi yako Sifa alikuwa amenifuata na kusimama nyuma yangu. Nikaitazama dinari. Mwanamke aliyechorwa kwa upande, pua ndefu imenyooka, nywele zimesukwa na kuzungushwa juu ya kichwa, kidevu kimetulia.

Nikasema, "Ndio. Ni yeye kabisa."

Sifa alivuta pumzi, nikamsikia. Katika gari, tukirudi nyumbani Louisville, ulikuwa umelala nyuma na ile furaha bado iko midomoni mwako, na mimi nikafikiri, si kitu, ni neno dogo, mtoto atasahau.

Hukusahau. Ulianza kuleta vitabu kutoka maktaba ya mtaa wetu wa Newburg, vitabu vizito kuliko mkoba wako. Ukanifundisha, nikitaka nisitake, nikiwa nakunja nguo au nimelala kochini baada ya zamu. Ulinieleza kwamba Kaisari hakuwa na picha za kutuma wala televisheni, kwa hiyo alituma uso wake katika malipo ya askari. Mtu wa mpakani kabisa, asiyejua hata Roma iko upande gani, alikuwa na uso wa mkubwa mfukoni mwake. Ulinionyesha taji la majani, ulinionyesha taji la miale ya jua. Ukaniambia jambo ambalo lilinikaa: kwamba makaisari wa baadaye walipopungukiwa fedha walichanganya shaba, na kadiri fedha ilivyopungua ndani, ndivyo mataji na ukali wa nyuso ulivyozidi kuchorwa nje. Wakubwa wenye ndevu fupi na macho makali juu ya sarafu isiyo na fedha.

Nilicheka siku ile nikasema hata sisi tulikuwa naye wa kwetu. Nikakuhadithia noti za zamani za Zaire, jinsi mkubwa alipoanguka watu walivyotoboa uso wake katika noti ili watumie kile kilichobaki, na mimi nikiwa kijana nilibeba noti yenye tundu mahali pa kichwa. Ulicheka mpaka ukakaa chini. Sikukuambia kwamba usiku ule sikulala. Nilikuwa nawaza juu ya wale wenye ukali nje na shaba ndani, kwa sababu ndivyo nilivyokuwa nimekulea. Kila nilipozidi kuwa mtupu nilizidi kukaza sura. Ulipomaliza shule na kuniambia utasoma historia ya kale, siyo uuguzi, unakumbuka nilivyokujibu.

"Historia? Donc utakula historia? Watu ya Roma watakulipia nyumba?"

Na wewe ukajibu kwa Kiingereza, polepole, kama unavyofanya ukiwa umeumia, kwamba unataka kufanya kazi na nyuso za watu waliokufa. Kisha kwa Kiswahili ukasema, "Ni wewe ulinionyesha maman ku ile feza, Papa. Ni pale ilianzia."

Nilitoka nje. Nilikwenda kutazama oili.

Halafu ukapata kazi ile ya nyumba ya wazee, unageuza watu vitandani na kubadili mashuka, na mshahara wako wa kwanza hukununua simu wala viatu. Ulimnunua yeye. Siyo ile ile ya Columbus, lakini ni mama yule yule. Ukaja nayo jikoni, ukaniwekea katika mkono wangu ukasema, "Sasa iko kwetu nyumbani." Ningepaswa kusema pale pale. Mdomo ulikuwa wazi. Nikaona jinsi ulivyokuwa ukimtazama, nikasema ni nzuri.

*

Umerudi. Nilisikia gari la dada wa kwaya nikaficha karatasi chini ya sinia. Umekuja na ua kifuani na macho mekundu, umeniuliza naandika nini, nimesema mambo ya kazi. Tumekula. Umekula kidogo. Halafu ukaanza kupekua mezani, na mimi nikawa nimeshika kikombe kwa mikono yote miwili.

"Papa, uliona kale kapaketi kangu?"

"Niliisha kukatia mu sakosi yako."

"Okay. Merci, Papa."

Na hukuangalia. Umeamini tu, ukaenda kuoga. Ni kweli nimekitia katika mfuko wako, dinari iko humo, lakini kuaminiwa namna ile kumenivunja zaidi ya kama ungefungua na kupiga kelele. Nimefungulia bomba jikoni ili usinisikie. Sasa umelala, au unajifanya umelala, na mimi ninaendelea.

Mapendo, mama yako hakufanana na yule mama wa dinari.

Hakufanana naye hata kidogo, nadhani. Nasema nadhani, na hapo ndipo penye aibu yangu. Mimi uso wa mama yako siujui tena. Umenitoka. Nimeutafuta kila mahali ndani yangu. Najua sauti yake ya kuita, najua alivyokuwa akipuliza moto akikunja shavu moja, najua mikono. Lakini nikitafuta uso, unakuja mgongo. Na tangu ulipoleta dinari nyumbani, kumekuwa kubaya zaidi, maana sasa nikifumba macho anakuja yule Mrumi na pua yake, anakaa mahali pa Debora wangu. Nilimweka pale mwenyewe kwa neno moja katika ukumbi wa hoteli.

Nikuambie kwa nini ni mgongo. Mtu wa ng'ombe hutembea nyuma. Hilo hukulijua kwa sababu hukukua nao. Ng'ombe wanatangulia, wewe unafuata, na kila mmoja unamjua kwa nyuma: nyonga, mkia, mwendo, namna anavyoweka kwato mteremkoni. Ukinionyesha ng'ombe kwa uso naweza kukosea, kwa nyuma sikosei. Hivyo ndivyo nilivyokuwa nikitembea na watu pia. Mama yako alitangulia njiani, nami nyuma na fimbo. Nilimpenda hivyo. Hakuna aliyeniambia kwamba nyuma hapatoshi.

Tulipokimbia vita, wewe ukiwa mgongoni mwake, tulishuka na watu wengi na ng'ombe waliobaki. Karibu na mpaka wakasema wanawake na watoto wavuke kwanza, kuna gari ng'ambo linawachukua kambini. Sifa alikuwa pamoja nasi. Mama yako alikuwa tayari na homa, nilimgusa mkono nikaisikia. Na mimi nilikuwa na ng'ombe wangu. Nikasema nitabaki niwatafutie mtu wa kuwashika, au niuze hata wachache, kisha nifuate.

Akasema, "Ngombe ni ngombe. Tuvuke wote."

Nikasema, "Tangulieni, nakuja nyuma."

Akasema, "Siku zote uko nyuma." Siyo kwa hasira, au labda kwa hasira, hilo nalo nimelisahau. Akajifunga kitenge vizuri, akakukaza mgongoni, akaenda na foleni ya wanawake. Nilisimama nikimtazama. Kitambaa cha njano kichwani, kitenge cha kijani chenye maua makubwa, kisigino chake cha kushoto kimepasuka, na wewe umegeuza kichwa pembeni, unanitazama mimi. Wewe nilikuona uso. Yeye hakugeuka. Na mimi sikumwita ageuke, kwa sababu ng'ombe mmoja alikuwa ameanza kutoka njiani nikakimbilia kumrudisha.

Ndiye ng'ombe niliyemwangalia wakati mke wangu anaondoka duniani mwangu.

Ng'ombe walichukuliwa wote, siku hizo hizo, na watu wenye bunduki. Sikubaki hata na kamba. Nilipovuka na kufika kambini nilimkuta Sifa amekaa nje ya hema na wewe miguuni pake, akaniangalia, na sikuhitaji kuuliza. Wanawake wa kanisa walikuwa wamemzika. Ilikuwa ile homa. Hakukuwa na picha. Picha zetu zilibaki katika nyumba iliyochomwa. Sifa alitaka kunisimulia alivyokufa, alivyosema, alivyoonekana. Nikamwambia siku ile: ukitamka jina lake mbele yangu au mbele ya huyu mtoto, wewe si dada yangu tena. Alikuwa mdogo wangu, alinitii. Amenitii mpaka leo. Alinitii hata pale Columbus nilipokudanganya mbele yake, akiwa ndiye mtu pekee katika bara hili anayejua mama yako alikuwa na sura gani.

Kwa hiyo unaona nilichokufanyia. Siyo kwamba huna uso wa mama yako kwa sababu alikufa. Uso huo ulikuwepo, ulikuwa Columbus kwa shangazi yako, ambaye kila Krismasi wewe ulikuwa unalala naye chumba kimoja, na mimi nilikuwa nimeufungia.

Nimekuwa nikimfikiria yule Kaisari wako. Zamani nilimdharau. Uliponisomea kwamba mkewe alipokufa alimtangaza kuwa mungu, nilikuambia, unakumbuka, ni mtu gani anayemfanya mkewe mungu kisha anaenda kula chakula. Sisi Wakristo hatufanyi hivyo, nikasema, na nikajiona nimesema jambo la maana. Leo ninamwonea wivu. Alifiwa, akasema basi kila mtu amwone. Muuza samaki amwone, askari amwone, mtoto amwone. Mimi nilifiwa nikasema asionwe na mtu yeyote, nikidhani huko ni kumtunza. Na ona, wa kwake ameonekana mpaka Ohio. Wa kwangu hata mimi mwenyewe nimempoteza.

Leo baada ya kuiharibu dinari nilimpigia Sifa simu. Alikuwa kazini, anasukuma kiti cha magurudumu cha mzee anayemtunza, nikamsikia akimwomba mzee asubiri kidogo. Nikamwambia kesho ukishampokea Mapendo hapo Columbus kwenye basi, mkiwa njiani kwa gari lako kwenda Buffalo, mwambie habari za Debora.

"Bon, kaka," akasema. "Donc nimuambie yote?"

"Yote."

"Hata mambo ya ngombe?"

"Hata ya ngombe. Lakini hiyo nitamwandikia mimi mwenyewe. Wewe umuambie sura."

Akaanza kulia pale pale kazini. Akasema, "Mimi ninamwona kila siku, kaka. Kila siku. Nilikuwa naogopa nitakufa naye ndani." Kisha akataka kuniambia mimi pia, akaanza, "Alikuwaka na..." na nikamzuia. Nikamwambia aanze na wewe. Mimi nimengoja kwa kosa langu, naweza kungoja zaidi. Ukishausikia, ukitaka, siku moja utanipigia kutoka huko Amherst na utanisimulia mke wangu. Usipotaka, sitakulaumu.

Najua utajiuliza kama njia yote uliyochagua imejengwa juu ya uongo. Nimejiuliza hilo mchana kutwa. Ninachojua ni kwamba uongo ulikuwa wangu, na kupenda kulikuwa kwako. Vitabu vile hakuna aliyekulazimisha kuvisoma. Ukifika ukaona hutaki tena kuzitazama nyuso zile, rudi, au badilisha, au soma uuguzi uninyamazishe. Lakini nimekuona ukishika dinari. Nimekuona ukimshika mkono mzee asiyejua jina lake kule kazini kwako, siku niliyokuja kukuchukua. Ni mkono ule ule. Unajua kumtazama mtu mpaka atokee. Jambo hilo hukulipata kwangu.

Nilikuambia bohari wamenikatalia ruhusa, ndiyo maana sikupeleki mpaka Buffalo. Huo nao ni uongo. Sikuomba. Niliogopa kukaa nawe katika gari siku nzima na jambo hili. Sasa nimelisema, na ningeweza kuja, lakini naona ni heri hiyo safari iwe ya kwako na Sifa. Na mama yako.

Dinari itazame ukishamaliza kusoma. Ukifungua kile kipaketi, uso hautakuwepo, nimekwisha kukuambia, usishtuke. Lakini igeuze. Upande wa nyuma sikuusugua. Nilipoona nilichokifanya mbele, niliuacha waya ukaanguka. Kule nyuma, yule mwanamke bado yupo, amesimama, amejifunika kitambaa kichwani, ameshika mwenge, na weusi wake wote uko mahali pake, katika kila mkunjo wa nguo. Uliniambia ni mmoja wa miungu yao, umenitajia na jina, nimelisahau. Mimi nikimtazama jioni hii nimeona mwanamke aliyejifunga vizuri, anaondoka na moto wake mkononi. Huyo sikukudanganya. Huyo nilimwona.

Kesho tutasimama pale kwenye basi na hatutasema mengi, kwa sababu wewe na mimi ndivyo tulivyo. Utakuwa umeisoma barua hii na labda utakuwa na hasira, na utakuwa na haki. Usinikumbatie kama hutaki. Beba mkoba wako mwenyewe, nenda na foleni, mimi nitabaki nyuma, ndipo mahali pangu.

Ila nakuomba kitu kimoja tu. Ukifika mlangoni mwa basi, kabla hujapanda, geuka. Hata kama umekasirika, geuka na hasira yako hiyo hiyo, usimame kidogo, niutazame uso wako vizuri.

Mama yako sikumwomba.

Papa